Kaka namwona, kushuka siwezi!

Jamani, kusi lisikieni tu! Mwezi wa saba nilipanda boti Dar kwenda Unguja, kumzika bibi yangu. Tulipokaribia Chumbe watu kimya: huko ndiko ilikozama MV Skagit, Julai 18, 2012. Mimi mtoto wa mjini nikang'ang'ania kanzu ya mzee nisiyemjua.

Bandari tukaiona, lakini kushuka? Thubutu! Upepo unaisukuma boti, kamba inarushwa, inakosa, nahodha anazunguka upya. Mara tatu! Gatini kaka akaangalia saa, akageuka, akaondoka. Maiti haisubiri. Nikaanza kumtukana nahodha.

"Mwanangu," mzee akanishika mkono, "akigonga gati tutazikwa wote."

Nikanyamaza. Nilifika makaburini watu wanakung'uta mchanga.