Njia ya Mkato Chini ya Mwamba

Mwaka ule tulikuwa mafrateri watano, tumetumwa kwa utume wa Juma Kuu kwenye kigango kimoja cha Muleba, chini ya miamba ya Kamachumu. Tulitoka Bukoba asubuhi ya Jumatano mvua ikinyesha, tukafika Muhutwe mvua ikinyesha, tukapanda bodaboda, na madereva wakatushusha mara tatu ili tusukume. Mtu wa Kagera hashangai. Bukoba hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili hupita miezi yote. Tumekulia ndani ya mvua. Labda ndiyo maana hatukuiogopa.

Kutoka kwa katekista hadi kanisani kuna njia mbili. Barabara huzunguka migombani, karibu saa nzima kwa mguu. Njia ya mkato hukata rweya, kwenye mteremko ulio chini kabisa ya mwamba, dakika ishirini tu. Alhamisi Kuu tulichelewa, tukapita mkato na masanduku kichwani. Tulifika salama, tena tukicheka.

Katekista hakucheka. "Nani kawaambia mpite kule?"

"Tata, mbona njia ni nzima kabisa?"

Aliguna tu, akaendelea kutandika altare. Baada ya ibada alichukua tochi na fimbo, akatupeleka hadi ukingoni mwa mteremko. Alituonyesha ufa kwenye majani, upana wa kiganja, mrefu kuliko kanisa. Msimu uliopita haukuwepo. Akamulika miti mitatu iliyoanza kuinamia upande wa ziwa. Chini yake maji yalikuwa yakitoka mahali pasipo na chemchemi, rangi ya chai ya maziwa. Yeye anaamini mwamba ulilegea tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016.

"Udongo umekunywa, umelewa," alisema. "Na mlevi hukaa vizuri kwenye benchi mpaka mtu amguse bega."

Shida ni kwamba Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu hufanyika pale pale, miaka yote, na misalaba ya miti ilikwisha kusimikwa. Katekista akasema mwaka huu haiendi. Halmashauri ya kigango ikaitwa usiku. Tunaona aibu kuandika hivi, lakini tulikuwa upande usiofaa, na tulizungumza vizuri kuliko yeye. Tulikuwa na falsafa. Hoja yetu kubwa ilikuwa moja: leo tumepita, hakuna kilichotokea. Mwenzetu mmoja akaongeza ile aya ya malaika wanaomchukua mtu mikononi asijikwae. Mzee akamuuliza kama anakumbuka ni nani aliyeitaja aya hiyo juu ya mnara wa hekalu. Kikao kikaisha hapo.

Miezi baadaye padre mmoja aliyesoma Innsbruck alitusimulia habari za Alpi. Huko, theluji mpya ya mwishoni mwa baridi ikilala juu ya theluji ya zamani, mteremko hunyamaza, mweupe na mzuri, kisha huporomoka mara moja. Wengi wa wapandaji wanaofukiwa huuamsha wenyewe au huamshiwa na wenzao, na nyayo za waliotangulia salama huwatia moyo wengine kufuata. Tulitazamana. Nchi zile hutangaza hatari kila siku kwa namba, 1 hadi 5. Kigango chetu kina mzee mmoja na fimbo. (Padre hakukosa kutukumbusha kwamba Papa Pius XI, naye mpanda milima, ndiye aliyemtangaza Mtakatifu Bernard kuwa msimamizi wa wapanda milima, mwaka 1923.)

Lakini watu wa Hanang hawakuwa wametoka kutembea. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023, mlima uliteremsha matope, mawe na miti juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 wakafa. Bududa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010, kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Tuliposikia habari za Hanang, kila mmoja wetu alikumbuka lile benchi la mlevi.

Ijumaa Kuu ile tulizunguka barabarani. Vituo kumi na vinne vilifanyika migombani, watoto wakijifunika majani ya migomba, mama mmoja wa WAWATA akilalamika tangu kituo cha pili hadi cha kumi kwamba Bwana hakwenda Kalvari kwa njia rahisi. Aliteleza mara mbili, akaendelea kulalamika.

Usiku wa Jumatatu ya Pasaka tulisikia kitu kama lori linamwaga mawe. Asubuhi tulikuta kipande cha mteremko kimeshuka na miti miwili kati ya ile mitatu. Kilishuka hatua kama mia kutoka kwenye njia ya mkato. Njia yenyewe haikuguswa, na misalaba yetu ilikuwa imesimama. Mwenzetu yule wa malaika hadi leo anasema tungepita bila neno. Hatuna cha kumjibu. Huenda ni kweli.

Tulipokwenda kuaga, katekista hatukumkuta nyumbani. Alikuwa kwenye mdomo wa njia ya mkato, akiiziba kwa matawi ya miiba. Hakuzungumzia yaliyopita. Alituelekeza kwenye tawi lililobaki, akasema limemshinda uzito, tumsaidie kulivuta.