Kisima na Kitenzi Chake

Sisi twafundisha Kiswahili kaskazini ya Uganda, ambako wengi wa wanafunzi wetu husema Kiacholi, lugha isiyo na ngeli kama hizi zetu. Mmoja wao aliandika: "Kisima ambacho wazee walikichimba nyuma ya shule imekauka." Tulipiga mstari mwekundu, na pembeni tukaandika: "Uzembe." Tangu siku ile hakuinua tena mkono darasani.

Hukumu ile ilianza kutusumbua tuliposoma jinsi kompyuta zilivyofundishwa lugha kwa mitandao ya neva yenye kujirejea, yaani hesabu zilizoigwa kwa mbali kutoka ubongo. Mwaka 1990 Jeffrey Elman, mtaalamu wa Marekani, alieleza mtandao uliopewa maneno moja moja, kwa mfuatano. Kila neno lilichanganywa na kumbukumbu iliyoachwa na yaliyotangulia, kisha mtandao ukabashiri neno lijalo. Ulipokosea, kosa lilipimwa, na nambari zake za ndani zikasahihishwa kidogo.

Taabu imo katika umbali. Ili mtandao wa namna hii ujifunze, sahihisho hurudishwa nyuma neno kwa neno, nalo mara nyingi hufifia njiani. Natuitazame sentensi yetu. Kutoka "shule", mahali pa kubashiri kitenzi, kurudi hadi "kisima", pana hatua 6. Sahihisho likipungua kwa nusu kila hatua, litakalofika ni sehemu 1 tu kati ya 64. Mwaka 1997 Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber walitoa dawa: kumbukumbu yenye malango ya kuamua kipi kiingie na kipi kitoke, ili jambo la mwanzo lihifadhiwe hata litakapohitajiwa. Tangu mwaka 2017 miundo mingine imeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini funzo limebaki.

Mtoto si mashine. Hata hivyo, wenzetu mtatambua kama tulivyotambua sisi, kwamba mwanafunzi yule hakuwa mzembe. Alikipatanisha kitenzi na "shule", jina lililokuwa jirani. Upatanisho aliujua, kilichompotea ni kisima.

Siku hizi twaanza na "Kisima kimekauka", kisha twairefusha sentensi kidogo kidogo, tukiwaonyesha wanafunzi kwamba -cho na -ki- ni vikumbusho vya njiani. Na lile neno "Uzembe" tulilifuta mbele yake, tukamwomba radhi.