Waliotangulia Mbele ya Kamera

Juu kwenye mgongo unaounganisha Mikeno na Karisimbi, upande wa Kongo, kuna uwanda wa majani uitwao Kabara. Sisi wa Gisenyi, upande wa Rwanda, tunaiona milima hiyo kila anga linapotakata. Mwaka 1963 mume na mke kutoka Kenya, Alan na Joan Root, walipiga kambi hapo wakiwapiga picha sokwe wa milimani. Akawakuta mgeni Mmarekani, Dian Fossey, wakakubali kuandamana naye, naye akawaona sokwe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliporudi Januari 1967 kuanza utafiti, Alan ndiye aliyemfikisha Kabara na kumsaidia kusimika hema, kisha akarudi kwenye shughuli zake.

Shughuli hizo kwa miaka mingi zilikuwa Survival, mfululizo wa vipindi vya wanyamapori wa Anglia, kituo cha televisheni cha mji wa Norwich, Uingereza. Aubrey Buxton aliuanzisha mwaka 1961. Kipindi cha kwanza hakikuwa cha simba wala tembo, kilikuwa cha viumbe wanaoishi ndani ya jiji la London. Ukaendelea hadi 2001, ukiwa umeonyeshwa katika nchi zaidi ya 100. Mimi niliukuta Goma, ng'ambo ya mpaka, kwenye kanda za video zilizokwisha kuchakaa, nikiwa kijana asiyejua kutulia. Ulinituliza.

Nimefikiri sana juu ya kilichoufanya udumu miaka 40, na naamini ni ukaaji. Wapiga picha wake walikubali kukaa mahali pamoja mpaka mahali penyewe paanze kusema. Alan na Joan walitengeneza filamu nzima juu ya mbuyu mmoja. Ndani yake unamwona hondohondo jike akijifungia katika shimo la mti, akiziba mlango na kubakiza ufa mwembamba, na dume likija siku baada ya siku kumpitishia chakula hapo. Walitengeneza nyingine juu ya kichuguu, ikatoka mwaka 1978 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Kichuguu! Kitu ambacho sisi tulikipita kila asubuhi tukienda shule, hatukukitupia hata jicho. Tangu hapo siamini tena kwamba mahali fulani hapana cha kuonwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa.

Ila ukaaji huo haukuanza na wenye kamera, na hili ndilo linalonigusa zaidi kadiri umri unavyosogea. Kabara alikuwepo Sanwekwe, askari wa hifadhi, Mkongo, aliyekuwa amefuata nyayo za sokwe pamoja na mtafiti George Schaller kabla ya akina Root kufika. Yeye ndiye aliyemfundisha Fossey kusoma jani lililovunjika, kinyesi kilichopoa, na jinsi majani yanavyolala upande alikoelekea mnyama. Elimu ile ilikuwa kichwani na miguuni mwake. Nenda leo uulize mitaani kwetu: jina la Fossey analijua kila mtu, filamu ya Hollywood ilitengenezwa juu yake. La Sanwekwe utalipata kwa nani?

Karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ziwa letu hili hili, katika milima ya Kahuzi karibu na Bukavu, mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mjerumani Dieter Plage aliipigia Survival filamu ya Adrien Deschryver, mkuu wa hifadhi mpya ya Kahuzi-Biega, mtu aliyewaendea sokwe kwa miguu, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Ni filamu ya kushangaza, na nampa heshima yake yule mtu. Lakini njia za msitu ule zilikuwa za Watwa, na hifadhi ilipoanzishwa wengi wao waliondolewa kwenye ardhi ya mababu zao bila fidia. Kumwokoa sokwe lilikuwa jambo jema. Kuwafukuza waliomjua kuliko mtu yeyote lilikuwa dhuluma, na wema wa kwanza hauifuti.

Nasema hivyo nikijua faida iliyopatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika milima yote ya Virunga walibaki sokwe wapatao 250. Sasa, ukijumlisha na wale wa Bwindi, wamepita 1,000. Dunia iliyowaona kwenye skrini iliwaonea huruma ikatoa fedha, nao askari na wafuata nyayo, baadhi yao wakipoteza maisha, wakafanya kazi yenyewe. Rwanda haikuwa na televisheni yake mpaka 1992, kwa hiyo watu wa mbali sana walimtazama sokwe, jirani yetu, kabla yetu.

Hali hiyo imekwisha. Kila kijana wa Rubavu, wilaya yetu, ana kamera mfukoni, na ziwa liko hapo chini. Jioni wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanatoka, mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo, taa zikiwashwa ili kuwavuta samaki juu. Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha pande zote mbili za mpaka. Filamu gani inataka zaidi ya hapo? Inataka mtu atakayekaa mwaka mzima, katika mvua na kiangazi, usiku wa mbalamwezi ambapo mavuno hupungua, na siku ambazo hakuna kitu kinachotokea.

Vijana wa Gisenyi, ifanyeni kazi hiyo. Isimulieni kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, wasikie pia ndugu zetu wa Goma. Na mtakapoandika majina mwishoni, mwandikeni mvuvi aliyewapakia kwenye mtumbwi wake, jina lake kamili, kabla ya majina yenu.