Vidonge vya Damu Si Peremende

Mwezi huu twataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani mwetu, hapa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Sikukuu. Si jambo la kujivunia, maana kosa lilikuwa letu wenyewe. Lakini twaona ni vema kuliandika, kwa kuwa kosa kama hili laweza kuingia katika nyumba yoyote yenye mama mjamzito na mtoto mdogo.

Mama wa nyumbani mwetu alipokuwa na mimba ya miezi minne alikwenda kliniki kama ipasavyo. Bibi mwuguzi alimchoma ncha ya kidole, akaipima damu, akaiona imepungua. Akampa vidonge 30 vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vyekundu, ving'aavyo, akamwagiza kwa upole: "Mama, meza kimoja kila siku, wala si zaidi. Usimeze pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Meza kwa maji, na ukipata chungwa ule, kwa kuwa chungwa husaidia. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake. Choo chako kitakuwa cheusi, usiogope. Navyo vidonge uviweke mahali pa juu, penye kufuli, mtoto asipofika."

Maneno yale yote tuliyasikia, lakini hatukuyashika yote. Mama alimeza vidonge vyake asubuhi pamoja na chai ya maziwa, kama tulivyozoea, na tumbo likamchafuka. Baada ya siku tisa akaviacha, wala hakurudi kuuliza. Laiti angaliuliza, angaliambiwa ameze usiku baada ya chakula, wakati wa kulala, kichefuchefu kipungue. Basi vidonge vikabaki katika kikopo juu ya meza.

Siku zile binti yetu, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, alikuwa amedhoofika. Alikuwa hataki kula, na viganja vyake vimepauka. Bibi mmoja, mpangaji mwenzetu, mtu wa moyo mwema kabisa, akatuambia, "Wanangu, mbona mwahangaika, na dawa mnayo ndani? Mpeni nusu. Damu ni damu." Tukaona amesema neno la akili. Mtoto alipoikataa ile nusu kwa ubaya wa ladha yake, tuliipaka asali, tukamwambia, "Kula, mwanangu, hii ni peremende ya damu." Tukafanya hivyo siku nne, naye akazoea kuiomba.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Sisi tulikuwa uani, mmoja akifua, mmoja akichambua mchicha uliotoka sokoni. Tulipoingia chumbani tulimkuta mtoto amesimama juu ya kiti, midomo yake myekundu, na kikopo ki wazi mbele yake. Akatuambia kwa furaha, "Nimekula peremende."

Tukavimwaga vidonge mkekani, tukahesabu. Mama alikuwa amemeza 9, na mtoto tulikuwa tumempa 2, nusu kwa nusu. Vilipaswa kubaki 19. Vilikuwa 13.

Haukupita muda mrefu, mtoto akatapika mara mbili. Kisha akatulia, akaomba maji, akataka kucheza. Majirani wakasema, "Mshukuruni Mungu, yametoka yote. Mpeni maziwa, alale." Nasi, twakiri, tulitamani sana kuwaamini. Lakini mama alilikumbuka agizo la mwuguzi, akamfunga mtoto mgongoni, akakichukua kile kikopo. Tukapanda bajaji, tukapita kwa shida Mtaa wa Msimbazi kati ya mikokoteni na wachuuzi, hata tukafika hospitali.

Daktari alituuliza mambo matatu: ni vidonge gani, vimepungua vingapi, na amevila saa ngapi. Kwa kuwa tulikuwa na kikopo na hesabu, tuliweza kumjibu. Akatuambia, "Mmefanya vema hamkungoja. Chuma kikizidi huchoma tumbo, kisha huingia katika damu na kuliharibu ini, na hata moyo. Mtoto aweza kutapika, kisha akaonekana mzima kwa saa nyingi, na baada ya hapo akazidiwa ghafula. Wengi hudanganywa na utulivu huo." Akamlaza hata kesho yake, wauguzi wakimwangalia usiku kucha. Sisi tulikaa kando ya kitanda. Tuliomba, lakini sala yetu ilikuwa na haya, maana mkono uliompa mtoto ule udanganyifu wa peremende ulikuwa wetu.

Asubuhi Mungu alitupa mtoto wetu mzima. Daktari akampima vizuri, akaona kilichokuwa kikimdhoofisha ni minyoo. Akampa dawa ya minyoo na kutufundisha juu ya chakula chake: dagaa, maharage, mboga za majani na matunda. Basi tulikuwa tumempa dawa ya mwingine, kwa ugonjwa ambao hatukuujua.

Tangu siku ile tumejifunza pia habari ya kisiwa cha Pemba, nayo yafaa mwalimu aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliwapa watoto wengi wa Pemba, wa umri wa mwezi 1 hadi 35, chuma na asidi ya foliki kila siku, wakitumaini kuwaongezea afya. Nia ilikuwa njema, na kipimo kilikuwa kidogo. Lakini katika Agosti 2003 sehemu ile ya kazi ilisimamishwa, kwa maana ilionekana kwamba watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wale wasiopewa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2006. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi sana. Huko Nepal, mahali pasipo malaria, kazi kama hiyo haikuleta madhara yale. Tena katika Pemba yenyewe, watoto waliopimwa wakaonekana kweli wamepungukiwa na chuma, na malaria yao ikatibiwa, walipata faida. Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika mtoto na katika nchi.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba si kweli "damu ni damu". Mjamzito anahitaji chuma kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto aliye tumboni; Shirika la Afya Duniani hushauri miligramu 30 hadi 60 kila siku, pamoja na miligramu 0.4 ya asidi ya foliki. Hata hiyo foliki haifai kuongezwa ovyo, maana ikiwa nyingi, kama vile vidonge vya miligramu 5, huweza kuidhoofisha dawa ya SP wanayopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria. Basi anayeona dukani chupa yenye sifa za kuongeza damu asiinunue na kuiongeza juu ya vidonge vya kliniki. Aichukue kwanza kwa mwuguzi, amwonyeshe.

Wakristo wenzetu, twakumbuka jinsi mtume Paulo alivyomshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo lake. Alimshauri mtu mmoja, kwa ugonjwa wake mwenyewe, tena kwa kiasi kidogo. Hakuliagiza kanisa zima. Nasi tungalifuata utaratibu huo, tusingalimpa mtoto dawa ya mama yake.

Sasa vidonge vya mama vimo ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo hukaa shingoni mwake. Alirudi kliniki, akaungama kwamba aliviacha, wala hakukemewa. Sasa humeza kimoja kila usiku kwa maji, na chai yake huingoja asubuhi. Binti yetu bado huuliza peremende nyekundu. Nasi humjibu kweli, "Ile ni dawa ya mama, mwanangu, si peremende. Tulikosa kukuambia vile."

Bwana azilinde nyumba zenu na watoto wenu.