Wikiendi Mbale: Nani Asimame Mbele?

Kama wewe na mwandani wako mmechoka na wikiendi za ufukweni, pandeni basi la usiku kutoka Nairobi, vukeni mpaka pale Malaba, piteni Tororo, na asubuhi mtaamkia Mbale. Ni mji wa mashariki mwa Uganda, chini ya majabali ya Wanale, una kahawa nzuri na kibaridi cha kuwasogeza wawili karibu. Msiondoke bila kula malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayopikwa kwa karanga. Mimi nilikula sahani mbili, mume wangu akahesabu.

Lakini kilichotupeleka ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji, wanakoishi Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Dini hii huku haikuletwa na mmisionari. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyewahi kuwatumikia Waingereza kisha wakakosana, aliisoma Biblia mwenyewe, akaamua kufuata Torati, akatahiriwa. Miaka ya 1970 Idi Amin akaipiga marufuku. Wengi walibadili dini, wachache wakaendelea kusali kwa kificho. Leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyesomea Los Angeles na kupata urabi mwaka 2008. Mwaka 2016 akachaguliwa hadi mbunge.

Ijumaa jioni Sabato ilipoingia, gitaa na ngoma zikaanza, nyimbo za Kiebrania na za Kiganda zikipokezana. Aliyesimama mbele kuongoza alikuwa dada wa umri wangu. Mume wangu akaninong'oneza, "Rabi yuko wapi?"

Swali zuri. Kumbe rabi na kiongozi wa sala ni kazi mbili. Rabi ni mwalimu na mwamuzi wa sheria. Kuongoza sala anaweza mtu yeyote aliyetimiza miaka 13 na anayezijua sala, na jina lake kwa Kiebrania maana yake ni mjumbe wa kusanyiko. Hapa Nabugoye wanawake nao husimama. Kule Putti, kwa Wayahudi wa Uganda wanaofuata mapokeo ya Kiothodoksi, ni wanaume tu.

Sasa nani anamchagua? Kila sinagogi huwa na msimamizi, wanamwita gabai. Ndiye anayepanga nani aongoze, nani aitwe kusoma Torati, nani afungue kabati la vitabu vitakatifu. Jumamosi usiku, Sabato ikiwa imetoka, tulikaa na mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha biashara ya mpakani, kinanyooka tu.

"Mzee, si mnatafuta mwenye sauti nzuri?" nikauliza.

"Sauti ni ya mwisho, mwanangu."

Akanieleza. Kitabu cha sheria cha rabi Yosef Karo, cha karne ya 16, kinataka mtu mwenye jina safi, mnyenyekevu, anayekubalika na watu, na sauti tamu. Akikosekana mwenye yote, anatazamwa mwenye elimu na matendo mema. Anayerefusha sala ili watu waisikie sauti yake anakemewa. Hata namna ya kuombwa ina adabu yake: ukiitwa mara ya kwanza unakataa kidogo, ya pili unasitasita, ya tatu unanyanyuka. Ukiruka mara moja una pupa, ukikataa mno unaringa. (Wasichana, si tunaijua hiyo?)

Nikamtupia swali langu. Je, mwenye sauti ya malaika aliyemtelekeza mkewe?

Mzee akanyamaza, akakoroga chai. "Watu watamsikiliza yeye huku wanamtazama mke."

Hilo liliniingia. Kanisani kwetu tulikuwa na kiongozi wa kwaya ambaye kila mtu alijua anachomfanyia mkewe nyumbani. Tuliimba naye miaka sita kwa sababu alikuwa na sauti. Kwa Wayahudi, ziko jumuiya nyingi zinazomnyima kabisa heshima za sinagogi mume anayekatalia hati ya talaka, maana bila hati hiyo mke hawezi kuolewa tena kidini. Mimi naona ni sawa kabisa. Mume wangu alisema inategemea ushahidi, tukabishana mpaka taa zikazimwa.

Na kwa kweli mzee alikuwa upande wake kidogo. Wakati wa kuchagua, pingamizi la mtu mmoja linaweza kutosha kuzuia jina. Ila mtu akishawekwa, haondolewi kwa umbea, lazima kosa lithibitike.

Kinachomsumbua zaidi gabai, alisema, ni misiba. Ipo desturi kwamba aliyefiwa na mzazi huongoza sala za siku za kawaida kwa miezi 11. Wakifiwa wawili kwa pamoja, kila mmoja anataka kumheshimu marehemu wake, na gabai ndiye wa kugawa siku.

"Na ukitaka kumwambia mtu apumzike?"

"Naenda kwake. Jioni, wageni wakishaondoka. Simwambii sinagogini." Sabato inayofuata humwita kufungua kabati, watu wote wanamwona, na wiki ile anaongoza mwingine.