Kila Mtoto na Namba Yake

Nilipoanza kazi ya ukatibu katika shule moja ya Simi-Simi, hapa Kisangani, nilikabidhiwa funguo mbili: wa ofisi na wa kabati. Kabatini mlikuwa na madaftari ya jalada gumu. Kila mtoto alikuwa na mstari mmoja: jina, posti-nom (jina la pili), prenom (jina la ubatizo), tarehe ya kuzaliwa, jina la mlezi, darasa. Akipanda darasa, lile la zamani lilikatwa kwa wino mwekundu na jipya likabanwa juu yake. Aliyerudia darasa mara mbili, mstari wake ulikuwa hausomeki tena.

Madaftari ya kabla ya Juni 2000 hayakuwepo. Yalipotea katika vita vya siku 6, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Watu wazima walikuja kuomba karatasi ya kuthibitisha kwamba walisoma hapa, nasi tukawarudisha mikono mitupu.

Mwaka 2016 msichana wa darasa la tano alirudishwa nyumbani kwa kutolipa minervali, yaani ada ya shule. Saa nne baba yake, mvuvi, akafika na risiti iliyolowa ikakauka. Akaiweka mezani taratibu, akainyoosha kwa kiganja.

"Papa sekretere, mimi nililipa. Pesa yangu iko wapi?"

Nilitafuta mpaka nikaiona. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe kwenye mstari wa mtoto mwingine mwenye jina lilelile na posti-nom ileile. Nilimwomba radhi baba, kisha nikamwomba mtoto. Usiku ule sikupata usingizi.

Nikaazima kompyuta, nikapiga majina yote katika jedwali moja refu. Ilikuwa kazi bure, kwa maana nilihamisha daftari pamoja na ugonjwa wake. Mzazi mwenye watoto wanne, namba yake ya simu niliiandika mara nne. Alipoibadilisha nikasahihisha mara tatu, ya nne nikaisahau.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akisomea kompyuta. Tuliketi chini ya mwembe, akachora visanduku kwenye daftari langu. "Yaya," aliniambia, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "jambo moja liandikwe mahali pamoja tu. Wengine wakilihitaji, waelekezwe hapo." Akanieleza kwamba fikra hiyo ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana ilitolewa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM kule Marekani.

Tukatenga majedwali: wanafunzi, walezi, madarasa, ada, malipo. Kila mwanafunzi akapewa namba yake, na namba hiyo ndiyo ikawa ufunguo wake. Jina huongezeka mtoto akibatizwa, huandikwa hivi leo na vile kesho. Namba hubaki ileile. Malipo nayo hayakubeba jina tena, yalibeba namba ya mtoto.

Darasa ndilo lililotuchelewesha. Mimi nilitaka liandikwe kwenye mstari wa mtoto, kama zamani. Kijana akakataa. "Mtoto mmoja hupita madarasa mengi, na darasa moja hupitiwa na watoto wengi. Hapo katikati panahitaji jedwali lao wenyewe." Tukaliita uandikishaji: namba ya mtoto, darasa, mwaka wa shule. Mtoto akipanda, hatukati kitu, tunaongeza mstari. Akirudia, tunaongeza mstari. Kile ambacho wino mwekundu ulikuwa ukikifuta kikaanza kuonekana: safari ya mtoto, mwaka kwa mwaka.

Tulitumia programu ya SQLite, kwa sababu hifadhidata nzima hukaa katika faili moja, haihitaji mashine nyingine ya kuihudumia. Lakini miezi michache baadaye nilikuta malipo yasiyo na mwenyewe, yenye namba ambazo hakuna mtoto aliyekuwa nazo. Kumbe SQLite hailindi uhusiano wa majedwali mpaka uiamuru, kila unapoifungua. Malipo yale tuliyaita yatima, tukayarudishia wenyewe moja baada ya jingine kwa kulinganisha na risiti. Tangu siku hiyo programu ikakataa kupokea pesa ya mtoto asiyejulikana.

Septemba 2019 serikali ilipoanzisha elimu ya bure katika shule za msingi za umma, wenzangu waliogopa kwamba kazi yetu imekufa. Haikufa. Ada ilikuwa na jedwali lake, kwa darasa na kwa mwaka, hivyo tuliacha tu kuandika ada mpya za msingi. Majina, madarasa na miaka ya watoto havikuguswa.

Kila Ijumaa nakala ya faili huvuka mto kwa mtumbwi, ndani ya flashi iliyofungwa kwenye plastiki, ikalale Lubunga. Nimeshaona karatasi za mji huu zikipotea ng'ambo moja. Sitaki zipotee tena.

Juzijuzi binti mmoja alisimama mlangoni, amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ameacha masomo miaka miwili. Alinong'ona jina lake kama mtu anayeomba msamaha. Nikaandika, nikamwona: darasa la kwanza mpaka la tano, mstari kwa mstari, kisha miaka miwili mitupu. Nikamgeuzia kompyuta ajisome mwenyewe. Alisoma kwa kidole, polepole, mpaka chini.

"Kumbe bado niko," akasema.

Nikaongeza mstari mmoja: namba yake ileile, darasa la sita.