Bunduki Ilikuwa Moja

Nianze na uongo wenyewe, maana nikianza na safari nitajikuta napamba.

Nilisema nimefika Point Lenana. Niliusema Arusha, Kaloleni, uani kwa nyumba ya wageni, mbele ya watu wawili niliowajua kwa saa tatu tu. Mmoja alikuwa mwalimu wa historia kutoka Tabora, amekuja na begi la kuazima. Wa pili kijana wa Kiholanzi, begi lake lina mikanda mingi kuliko punda wa Lamu. Mimi nilikuwa nimetoka Mombasa na kuvuka Namanga peke yangu, na mtu aliyeshinda njiani bila wa kuzungumza naye hufika na hamu kubwa ya kuonekana mtu.

Nilikofika kweli ni Old Moses, mita 3,300, kambi ya kwanza ya njia ya Sirimon kwenye Mlima Kenya. Nilitapika usiku kucha, asubuhi nikateremshwa nimeshikwa mkono. Lenana, mita 4,985, naijua kwa picha. Lakini mwalimu aliponiuliza, "Juu kule kuna nini, dada?" nilimweleza barafu, upepo na jua linavyochomoza, mpaka Mholanzi, aliyekuwa akikifuata Kiswahili kwa kubahatisha, akaacha kutafuna mshikaki.

Urafiki ukaiva palepale. Ulikuwa pia na hesabu yake, maana sote watatu tulitaka kupanda Mlima Meru. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuna nyati na tembo, kwa hiyo hupandi Meru bila askari mwenye bunduki, unayepewa langoni Momella. Mkiwa watatu, gharama za kiongozi na mpishi mnagawana. Mwalimu aliweka akiba miaka miwili. Alisomea ualimu Tengeru, mlima ukiwa dirishani kwake kila asubuhi. "Nikiwa na mtu mzoefu," aliniambia, "roho inatulia."

Siku mbili tulizunguka mjini. Mwalimu alitupeleka Makumbusho ya Azimio la Arusha, hatua chache kutoka tulipolala, akatusomesha 1967 kama darasa la watu arobaini. Kilele cha Meru kinaitwa Socialist Peak, na yeye alitaka picha moja tu maishani, amesimama pale. Sokoni Kilombero nilimchagulia glavu za mtumba. Nilizipuliza, nikazivuta vidole, nikasema hizi hazipitishi upepo. Nilikuwa nimeanza kuuamini uzoefu wangu mwenyewe.

Kiongozi alikuja jioni ya pili. (Jina la kazi yake kwa Kiingereza, Mswahili akilitamka, huwa gaidi, utani huo alikwisha kuuchoka.) Mtu mzima, Mmeru. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akatuuliza mmoja mmoja: "Kuna aliyewahi kuumwa na mlima?"

Lenana ingeweza kupita kama majivuno ya uani. Swali hili lilikuwa la daktari. Nikasema, "Hapana, mzee."

Siku ya kwanza ilikuwa twiga na mbega, na usingizi mzuri Miriakamba, kama mita 2,500. Siku ya pili ni ngazi, ngazi, ngazi, mpaka Saddle Hut, zaidi ya mita 3,500. Kichwa kilianza kugonga kabla hatujafika. Mchana wenzangu walipanda Little Meru ili kuuzoesha mwili. Nikawaambia mimi milima nimeizoea, acha nipumzike. Nikameza Panadol mbili nimegeukia ukutani. Usiku, supu yangu niliimwaga nyuma ya banda.

Tuliondoka saa saba usiku. Tulipofika Rhino Point nilitapika, nikaisingizia supu. Baada ya hapo miguu ikaanza kwenda kwa hiari yake. Kiongozi akanimulika machoni, akaniambia nitembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Sikufika hatua ya nne.

"Huyu anashuka sasa hivi," akasema. "Mpaka Miriakamba."

Kuanzia Saddle kwenda chini ni msitu wa nyati, na ilikuwa usiku, kwa hiyo askari lazima ashuke nami. Akishuka askari, hakuna anayeruhusiwa kuendelea kupanda. Kundi jingine usiku ule halikuwapo.

Mholanzi alilalamika kidogo kwa Kiholanzi. Mwalimu hakusema kitu. Alizima tochi ya kichwani, akatazama juu, kilele kilipokuwa kimeziba nyota. Akakaa hivyo pumzi mbili tatu. Akaiwasha, akanivua begi, akalibeba yeye.

Kulipambazuka tukiwa Mgongo wa Tembo. Kilimanjaro imekaa juu ya mawingu, nyekundu, na kichwa changu kimekwisha kupona. Ugonjwa ule ukishuka nao, mara nyingi hukuachia njiani. Niliona aibu kuwa mzima, nikajikohoza.

Kwenye Hiace ya kutoka Usa River kurudi mjini, tumebanana kiti cha nyuma, mwalimu akanigeukia.

"Dada, nisamehe. Nilikuwa nyuma yako, nakusukuma kwa mwendo. Mtu mzoefu kama wewe hazidiwi bure."

Ningeweza kusema pale. Mpaka Tengeru kulikuwa na muda wa kutosha. Nikamjibu, "Usijali, mwalimu. Yamekwisha." Nilimsamehe mtu niliyemkosea. Konda alipokuja kudai nauli akaniambia nimeshalipiwa.

Mwezi uliopita aliniandikia. Ameanza kuweka akiba tena, kwa ajili ya Desemba shule zikifungwa, na anataka tupande wote, kwa sababu, anasema, kwenda na mtu asiyeujua mlima anaogopa. Ameambatanisha picha ya zile glavu, zimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Ujumbe niliusoma usiku uleule. Tiki mbili za buluu anaziona.